Begi Mgongoni Kusini mwa Rufiji: Mafia, Kilwa, Lindi, Mikindani hadi Newala

Vijana wengi wa Dar wakifunga begi la safari huwaza Zanzibar, Lushoto au Arusha. Ukiwaambia kusini, wanakuuliza kuna nini huko. Kuna visiwa vya matumbawe ambako gari hazifiki, mji uliofua sarafu zake wenyewe karne nyingi kabla ya mkoloni, msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote Afrika Mashariki, na mwisho wa njia kuna ukingo wa nyanda unaokuonyesha bonde la Ruvuma lote chini ya miguu yako. Yote hayo yanafikika kwa basi la kawaida, boti ya wananchi na bodaboda. Mwongozo huu unafuata njia moja tu, Dar hadi Newala, kwa mtu mwenye wiki mbili au tatu na begi analoweza kulibeba mwenyewe.

Nitaanza na jambo ambalo wengi huliacha mwisho: safari hii hupangwa kwa maji. Basi la kwenda Lindi lipo kila siku. Ukilikosa la leo utapanda la kesho. Bahari haiko hivyo. Panga kwanza siku zako za visiwani kulingana na upepo na mwezi, kisha siku za barabarani uzijaze kwenye nafasi zinazobaki. Anayefanya kinyume chake hujikuta amekaa gatini siku nzima akitazama matope.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi wa mwaka kwa upepo

Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, na hukaza zaidi Juni hadi Agosti. Hapo bahari kati ya Rufiji na Mafia huchafuka, boti ndogo huahirisha safari, na maji huwa machafu, huoni kitu ukizama. Kaskazi hushika Desemba hadi Machi. Joto kali, bahari nyepesi zaidi, lakini Lindi na Mtwara ndipo wanapopata mvua zao. Machi hadi Mei sikushauri kabisa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita karibu na Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar kwenda Lindi upande wa Somanga. Abiria walilala njiani.

Kipindi kizuri ni tanga mbili za mwisho wa mwaka, yaani Oktoba hadi katikati ya Novemba. Kusi imechoka, kaskazi haijaingia, barabara kavu, papa potwe wameanza kuonekana Kilindoni kisiwani Mafia, na kusini korosho zinaanguka. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, chukua Oktoba.

Angalia pia Ramadhani inaangukia wapi. Kusafiri mwezi huo si vibaya, na jioni utakaribishwa futari na watu usiowajua, lakini mchana mama ntilie wengi wa pwani hufunga, na kula hadharani si adabu. Beba tende na korosho zako, ule faragha.

Hatua ya pili: soma maji

Hapa ndipo penye ufunguo, kwa hiyo tusiharakishe.

Mwambao wetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na tofauti ya kina siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, hupita mita 3. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na hukaza siku moja mbili zinazofuata. Katikati yake ni maji mafu: yanajaa kidogo, yanapwa kidogo. Ukijua tarehe ya Kiislamu umeshajua nusu ya kazi. Mwanzo wa mwezi na tarehe 15 ni bamvua. Tarehe 8 na 22 hivi ni maji mafu.

Saa nazo zina utaratibu. Siku za bamvua, maji hujaa yapata saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo siku ya nne au ya tano baada ya mwezi mpevu, maji yatajaa kati ya saa moja na nusu na saa mbili na nusu asubuhi. Hizo ndizo siku za dhahabu kwa msafiri: unaondoka asubuhi maji yakiwa juu, chombo kinapita juu ya miamba na ndani ya vijito vya mikoko bila kukwama, na bado una mchana mzima wa kutembea.

Ukitaka kutembea juu ya mwamba na kuona pweza, majongoo ya bahari na akina mama wakichokoa chaza, fanya kinyume: chagua siku yenyewe ya bamvua, uwe ufukweni saa tatu, maji yakiwa yanatoka. Saa tano kasoro anza kurudi nchi kavu. Maji ya bamvua yakianza kuingia hayangoji mtu, na hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako.

Hesabu hii ni ya kupangia ukiwa nyumbani. Ukifika gatini, neno la mwisho ni la nahodha. Msalimie kwanza, shikamoo kama ni mtu mzima, kisha uliza: "Mzee, kesho maji yanajaa saa ngapi?" Usiulize boti inaondoka saa ngapi, swali la kwanza linajibu la pili, na linamwonyesha kwamba unaelewa kazi yake. Akisema leo hatutoki, usimshawishi kwa hela. Nahodha anayekubali kushawishika ndiye wa kuogopwa.

Hatua ya tatu: begi

Begi la lita 40 linatosha. La lita 70 litakaa juu ya keria ya basi, litalowa ndani ya boti, na litakupa shida kila unaposhuka kwenye maji ya magotini, maana gati nyingi za visiwa vidogo ni mchanga mtupu.

Nguo: suruali mbili nyepesi au sketi ndefu, fulana tatu, shati moja la mikono mirefu, sweta moja kwa ajili ya Newala. Khanga au kikoi hakikosi: ni taulo, ni shuka, ni pazia la kubadilishia nguo, ni kilemba cha jua, na ni heshima unapopita kijijini. Viatu viwili: raba za kutembelea na yeboyebo za kushukia majini. Ndala usizitegemee kwenye matope ya mikoko, zinabaki humo. Na usishuke peku. Kuna miiba, kuna chaza wenye kingo kali, na kuna taa, samaki bapa wenye mwiba mkiani, wanaojifukia mchangani. Unapotembea kwenye maji ya mchanga buruza miguu badala ya kuinyanyua, taa atakusikia na kuondoka.

Kila kitu kisichotakiwa kulowa kiingie kwenye mfuko usiopitisha maji, ule wa kufunga kwa kuviringisha mdomo. Kumbuka mifuko laini ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019, usiitegemee kufungia nguo. Wavuvi huweka simu na nyaraka kwenye dumu la mdomo mpana lenye kifuniko cha kukaza, na njia yao ni salama kuliko mifuko mingi inayouzwa ghali mjini. Likianguka majini, linaelea.

Vingine: taa ya kichwa, pawabenki, chandarua chepesi kama unalala kwenye hema, dawa ya kupaka ya mbu, pakiti kadhaa za chumvi ya kurudisha maji mwilini, plasta na dawa ya vidonda. Kidonda kidogo cha mwamba kikipuuzwa kwa joto la pwani, siku ya tatu kimeoza. Osha kwa maji safi na sabuni saa hiyohiyo. Ukipata homa, usimeze dawa kwa kubahatisha. Zahanati hupima malaria kwa tone la damu na majibu hutoka papo hapo.

Maji ya kunywa yahesabie lita 3 kwa siku unapokwenda visiwa vidogo. Visima vingi huko vina chumvichumvi, na maji matamu wenyeji huyapata kwa taabu. Usifike kisiwani ukawa mzigo kwenye ndoo za watu.

Pesa na karatasi

Kilindoni, Kilwa Masoko, Lindi, Mtwara na Newala kuna benki na mawakala wa pesa za simu. Visiwa vya Chole, Juani na Songo Mnara, na ufukwe wa Msimbati, chukulia kwamba hakuna chochote, ubebe noti ndogondogo. Noti ya 10,000 kwa mwenye dau la kuvusha watu ni kumsumbua atafute chenji.

Beba kitambulisho cha taifa au pasipoti, na nakala yake. Kisiwani kusikokuwa na gesti, mtu wa kwanza kumtafuta ni mtendaji wa kijiji au mwenyekiti. Jitambulishe, eleza unakotoka na siku utakazokaa, uliza pa kulala. Mara nyingi yeye ndiye atakayekupeleka kwenye nyumba yenye chumba, au akuonyeshe pa kusimamisha hema. Usisimamishe hema ufukweni usiku bila mtu kujua. Pwani hizi watu wanazilinda, na wana haki ya kukuuliza unafanya nini.

Hatua ya nne: Dar hadi Mafia

Magari ya Nyamisati hupatikana Mbagala Rangi Tatu. Ondoka alfajiri, au uende siku moja kabla ulale huko. Njia ni barabara kuu ya Kilwa hadi Bungu, kisha unaacha lami kushoto kwenda Nyamisati. Nyamisati ni kijiji cha gati: samaki, mbuzi, magodoro, mifuko ya saruji, na abiria wenye subira. Boti za abiria zipo, na kivuko cha serikali, MV Kilindoni, hubeba hadi magari. Uliza ratiba kwa simu kupitia mtu aliyeko huko au wakala wa pale Mbagala, kwa sababu saa za kuondoka hufuata maji.

Kabla ya kupanda angalia mambo matatu: una jaketi la kuokolea mkononi mwako, jina lako limeandikwa kwenye orodha ya abiria, na chombo hakijazama hadi karibu na ukingo. Kimojawapo kikikosekana, shuka. Utapata chombo kingine.

Nusu ya kwanza ya safari ni ndani ya mikondo ya delta ya mto Rufiji, mikoko pande zote, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Humu ndimo manowari ya Kijerumani Königsberg ilipojificha wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza waliiteka Mafia mwanzoni mwa 1915, wakarusha ndege kutoka kisiwani kuitafuta, na Julai mwaka huo manowari ikaishia hapo hapo mtoni. Ukishatoka mdomo wa mto, upepo hubadilika ghafla. Vaa koti lako kabla ya hapo, na kama tumbo lako halipendi mawimbi, kaa nyuma katikati, macho kwenye upeo, usisome simu.

Hatua ya tano: siku zako Mafia

Lala Kilindoni usiku wa kwanza. Gesti ni za bei ya kawaida, soko lipo, na jioni kuna pweza wa kuchoma na mihogo. Sababu nyingine ni ya mfuko: Utende na visiwa vya ghuba ya Chole viko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa 1995, na kiingilio hutozwa kwa siku. Shughuli za Kilindoni zimalize kwanza, kisha uingie hifadhini ukiwa na mpango. Risiti itunze, utaulizwa.

Papa potwe hula upande wa Kilindoni, si mbali na pwani, kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na chakula chake ni vijidudu vya maji. Nenda asubuhi na mwongozaji mwenye kibali, jiungeni watu kadhaa mgawane gharama ya boti. Masharti ni mepesi na mimi nayasimamia kwa moyo wote: usimguse, usimkatie njia mbele, kaa mita 3 au zaidi, na nahodha azime injini au aishushe kabisa. Ukimwona nahodha anamfukuza samaki ili mpige picha, mwambie aache. Samaki huyu akihama kwa kusumbuliwa, Kilindoni nzima imepoteza.

Kutoka Kilindoni hadi Utende ni kilometa 15 hivi, kuna daladala na bodaboda. Utende pandia mashua ya wananchi kuvuka Chole. Chole inazungukika kwa miguu asubuhi moja. Kuna magofu ya majengo ya Wajerumani, ambao makao yao yalikuwa hapa kabla ya kuhamishiwa Kilindoni 1913, na mizizi ya miti imeshayafumbata kuta. Kuna popo wakubwa walao matunda, jamaa wa popo wa Comoro, wanaoning'inia mchana kweupe kwenye miembe. Tazama kwa utulivu, usipige makofi waruke.

Juani ndiyo inayodai hesabu ya maji niliyoeleza. Magofu ya Kua yako nyuma ya mikoko, na chombo hufika karibu maji yakiwa yamejaa tu. Ukienda siku zile za maji ya saa mbili asubuhi, unashuka kwa wepesi, unatembea magofuni saa mbili hivi, kisha ama unatoka haraka kabla maji hayajakauka, ama unakubaliana na nahodha akusubiri hadi yarudi. Amua hilo kabla ya kuondoka, na bei iwe imetajwa pamoja na kusubiri. Kua ulikuwa mji wenye nyumba za ghorofa na misikiti, hadi Wasakalava kutoka Madagaska walipoushambulia mwanzoni mwa karne ya 19. Tembea na mwenyeji. Ukutani kuna mashimo, na chini kuna visima vilivyofunikwa na majani. Makaburi usiyapande kwa ajili ya picha.

Ukiwa Juni hadi Septemba, upande wa mashariki wa Juani vifaranga wa kasa huanguliwa na kukimbilia baharini. Bahari ni chafu miezi hiyo, lakini anayependa kasa ataivumilia.

Hatua ya sita: kurudi barani na kushika barabara ya Kilwa

Boti ikikurudisha Nyamisati, panda gari hadi Bungu kwenye lami. Mabasi ya kusini hutoka Dar alfajiri na mengi hupita hapo yamejaa. Kama umefika mchana, songa hadi Kibiti au Ikwiriri, ulale, na asubuhi kamata magari madogo yanayoelekea Nangurukuru. Usisafiri usiku eneo hili. Tembo huvuka, na malori yaliyoharibika hukaa barabarani bila taa.

Baada ya Ikwiriri unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003, karibu kilometa nzima. Kabla yake watu walivuka kwa pantoni, na mto ukifurika kusini yote ilikatwa na nchi. Ng'ambo yake kuna Muhoro, mahali ambapo Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya vita, alinyongwa Agosti 1905 mwanzoni mwa Vita vya Majimaji. Basi halisimami hapo zaidi ya dakika chache, lakini ujue unapita wapi.

Nangurukuru shuka. Barabara ya lami inakata kushoto kama kilometa 30 hadi Kilwa Masoko, na kwa daladala ni safari fupi.

Hatua ya saba: Kilwa, usiipitie juu juu

Kuna Kilwa tatu, na wasafiri huzichanganya. Masoko ni mji wa sasa: gesti, soko, ofisi. Kivinje ni mji wa karne ya 19, bandari ya misafara ya pembe na watumwa. Kisiwani ndiko kulikokuwa na dola.

Siku ya kwanza Masoko fanya kazi moja: chukua kibali cha kwenda Kisiwani kwenye ofisi inayosimamia magofu, ulipie, na upate mwongozaji. Usiende bila mwongozaji. Magofu yametapakaa katikati ya mashamba na nyumba za watu, na bila mtu wa kukueleza utaona mawe tu.

Kuvuka si mbali. Kwa dau la tanga ni chini ya saa moja upepo ukiwa mzuri, na boti ya mashine ni dakika chache. Ukitazama kutoka majini, kitu cha kwanza kinachosimama mbele yako ni Gereza. Wareno walijenga ngome hapo walipoivamia Kilwa 1505, na hili unaloliona sasa ni la Waomani, wa miaka ya 1800 hivi. Pita taratibu, kisha nenda Msikiti Mkuu, na hapo kaa.

Sehemu ya zamani ya msikiti ni ya karne ya 11, na ule ukumbi wenye kuba uliongezwa baadaye. Simama katikati ya nguzo, utazame juu. Kuba na matao yale yamejengwa kwa matumbawe na chokaa. Jiwe huchongwa likiwa bado bichi kutoka baharini, laini, halafu likikauka linakuwa gumu. Weka kiganja ukutani utaona alama za nyotanyota za tumbawe lenyewe, bado zinasomeka baada ya miaka yote hiyo. Ibn Battuta alifika hapa 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akausifu mji kuwa miongoni mwa mizuri kabisa. Sultani huyo ndiye anayehusishwa na Husuni Kubwa, kasri lililo juu ya jabali upande wa mashariki, lenye birika la pembe nane na ngazi zinazoshuka hadi baharini. Utajiri ulitoka kwenye dhahabu ya Sofala iliyopita hapa kwenda Uarabuni na India. Sarafu za shaba za Kilwa zimeokotwa hadi visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Nenda Husuni Kubwa asubuhi kabla jua halijakaza, na panda kutoka ufukweni kama maji yanaruhusu, ili uone kasri kama mgeni wa zamani alivyoliona. Mchana wanakijiji wanaweza kukupikia wali wa nazi na samaki ukiagiza mapema kupitia mwongozaji. Agiza. Hiyo ndiyo hela inayobaki kisiwani moja kwa moja.

Ukiwa na siku ya ziada, Songo Mnara. UNESCO iliiorodhesha pamoja na Kisiwani 1981, ikaingiza magofu haya kwenye orodha ya hatari 2004, na baada ya ukarabati na kuzuia mmomonyoko yakatolewa 2014. Safari ni ya boti ya mashine, saa kadhaa, na mwisho wake unatembea ndani ya maji kwenye mikoko. Hapo tena, rudi kwenye hesabu ya maji. Watu wanne mkichangia inawezekana; peke yako ni ghali.

Kivinje ifanye siku ya kuondoka. Tembea mtaa wa zamani, milango ya nakshi, boma la Wajerumani, na mnara wa kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji walionyongwa hapa. Ukipata mzee wa kuzungumza naye barazani, kaa umsikilize, hata kama basi litakupita.

Hatua ya nane: Lindi, Mikindani, Mtwara

Lindi ni ya usiku mmoja. Jioni panda kivuko cha kwenda Kitunda ng'ambo ya ghuba, tazama mji ukiwa upande wa pili, urudi. Kilima cha Tendaguru, palipochimbwa mifupa ya dinosaria, kiko bara, kaskazini magharibi mwa mji, na njia yake ni mbovu. Kwa mwenye begi sioni sababu ya kwenda, kwa kuwa mifupa yenyewe iko Berlin. Lakini ukisimama bandarini Lindi, fahamu kwamba kati ya 1909 na 1913 wapagazi walibeba kichwani zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria, mwendo wa siku kadhaa kutoka Tendaguru hadi hapa. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, Mwafrika, na jina lake linastahili kutajwa kila jina la maprofesa wa Berlin linapotajwa.

Kutoka Lindi kuelekea Mtwara shuka Mikindani, kilometa 10 hivi kabla ya mji. Ni kijiji kilichozunguka ghuba ya duara, nyumba za matumbawe, baadhi zimebomoka, baadhi zinakaliwa. Kutoka hapa David Livingstone alianza safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Mikindani ni pa kupumzika: fua nguo, kausha begi, tibu miguu.

Mtwara ni mji wa bandari yenye kina kirefu, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza baada ya Vita vya Pili. Hapa tafuta ming'oko barabarani, mizizi ya porini inayochemshwa, ambayo kaskazini huipati. Ufukwe wa Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, ni mzuri sana, lakini kabla ya kwenda uliza polisi Mtwara hali ikoje. Vita vya Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji ng'ambo ya mto Ruvuma, vimeendelea tangu 2017, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya upande wetu kilishambuliwa. Usivuke Ruvuma kwa mtumbwi, wala usilale kwenye vijiji vya ukingo wa mto kwa ajili ya kujaribu.

Hatua ya tisa: panda Newala

Gari za Newala hupita Tandahimba, katikati ya mikorosho. Msimu wa minada, Oktoba kuendelea, vyumba hujaa wanunuzi na vibarua, kwa hiyo piga simu gesti siku mbili kabla. Asubuhi mapema tembea hadi Shimo la Mungu, ukingo wa Nyanda za Makonde. Ardhi inakatika ghafla mbele yako. Chini ni bonde, mbali ni Ruvuma, ng'ambo ni Msumbiji. Ukungu hukaa bondeni hadi saa tatu hivi, kwa hiyo ukikuta umetanda keti usubiri. Kuteremka bondeni kunawezekana kwa njia za wenyeji, lakini uwe na mtu wa hapo na maji ya kutosha; kupanda kurudi ndiko kunakoumiza.

Vinyago ukivitaka, nunua kwa mchongaji mwenyewe, umuulize alichonga nini na kwa mti gani. Mpingo halisi ni mzito, na ukikwaruzwa kwa ndani unabaki mweusi wa zambarau. Uliopakwa rangi ya kiatu utakuchafua vidole.

Kurudi

Newala kuna njia tatu. Ukirudi Mtwara, kuna mabasi ya Dar ya alfajiri na ndege. Tiketi ya basi kata siku moja kabla, chagua kiti cha upande wa kushoto kama hutaki jua la asubuhi, maana mashariki itakuwa mkono wako wa kulia. Ukiteremka Masasi, unakutana na mabasi ya Lindi na Dar bila kurudia Mtwara. Na mwenye siku zaidi, kutoka Masasi lami inakwenda Tunduru hadi Songea, na kutoka Songea Mbinga hadi Mbamba Bay, Ziwa Nyasa. Ziwa halina bamvua, lakini upepo wake wa mwezi wa sita na wa saba uuulizie vilevile kabla ya kupanda chombo.